Kidonge cha Jioni na Balungi la Asubuhi

Maofisi ya Rohero, mjini Bujumbura, yakifungwa jioni, foleni huhamia kwenye maduka ya dawa. Wengi wanaosimama humo ni watu wa makamo wanaofanya kazi za kukaa: wahasibu, makarani wa benki, maofisa wa wizara, wafanyakazi wa mashirika. Wamepimwa damu, wameambiwa kolesteroli imepanda, na sasa wamefuata kidonge cha kuishusha. Pamoja na karatasi ya daktari, karibu kila mmoja amebeba kichwani orodha ya vyakula vya kuacha, ambayo daktari hakumpa. Kaipata kwa shemeji, au kwa jirani, au kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao hakuna ajuaye ulianzia wapi. Usile yai. Usile parachichi, lina mafuta. Acha ndagala. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameacha hata maharage.

"Maharage, mzee?" mfamasia alimwuliza. "Hayo rudi ukayale. Balungi je?"

"Balungi nakula kila asubuhi, binti yangu. Si tunda?"

Yule binti hakujibu. Aligeuza boksi la dawa, akasoma jina lililoandikwa chini ya lile jina kubwa la biashara, kisha akaenda nyuma kuongea na mwenzake. Na hapo ndipo ilipo habari. Watu wa Bujumbura wanajinyima vyakula vingi kwa ajili ya kidonge hiki, kumbe kinachogombana nacho ana kwa ana ni kimoja, nacho ni tunda lenye sifa ya kuwa dawa. Tena hakigombani na kila kidonge. Kabla ya kuuliza usile nini, inabidi ujue unameza nini.

Vidonge hivi ni vya ukoo mmoja uitwao statini. Mwaka 1971 Akira Endo, mtaalamu wa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alianza kutafuta kuvu ambaye angeweza kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli. Alipima aina zaidi ya 6,000 kwa muda wa miaka miwili hivi, mpaka akampata kwenye sampuli ya mchele iliyotoka duka la nafaka la Kyoto: kuvu mwenye rangi ya buluu-kijani aitwaye Penicillium citrinum. Dutu aliyoitoa humo ndiyo mama wa statini zote. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, lovastatini, ilitoka mwaka 1987. Endo alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90.

Kazi ya statini inafanyika kwenye ini. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini hatuili. Tunaitengeneza wenyewe, na ini ndilo kiwanda kikuu. Statini inabana kimeng'enya kimoja cha kiwanda hicho. Ini likipungukiwa, linaanza kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu, na kipimo kinashuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha mayai mwaka mzima akabaki na kipimo kile kile, huku akishangaa na kuwalaumu kuku.

Ugomvi wa dawa na balungi uligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1989 David Bailey, mtaalamu wa dawa katika mji wa London, ule wa Ontario nchini Kanada, alikuwa akichunguza jambo jingine kabisa: dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini ikikutana na pombe, inakuwaje? Waliojitolea kwa jaribio hawakutakiwa kujua nani kapewa pombe na nani hakupewa, kwa hiyo alihitaji kinywaji kikali cha kuificha ladha yake. Yeye na mkewe wakajaribu juisi zilizokuwemo nyumbani, moja baada ya nyingine. Iliyoweza kuificha pombe ilikuwa ya balungi. Jaribio lilipofanyika, kilichomshangaza Bailey hakikuwa pombe. Dawa ilikuwa imejaa kwenye damu za wote, waliokunywa pombe na wasiokunywa, kuliko majaribio yote ya nyuma. Akajifanyia jaribio mwenyewe, mara kwa maji na mara kwa juisi. Kwa juisi, dawa damuni mwake ilikuwa zaidi ya mara tano.

Mwaka 1991 matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet. Kati ya wanaume sita wenye shinikizo la juu kidogo, felodipini iliyofika damuni kwa juisi ya balungi ilikuwa wastani wa asilimia 284 ya ile iliyofika kwa maji. Wastani huo ulificha tofauti kubwa: mmoja alifikia asilimia 164 tu, mwingine 469. Juisi ya machungwa, iliyojaribiwa pia, haikubadilisha kitu.

Kwa nini? Ukuta wa utumbo una vimeng'enya vinavyokagua na kuharibu sehemu ya kila kinachotaka kupita kuingia damuni. Mkuu wao kwa upande wa dawa anaitwa CYP3A4. Mfikirie kama askari wa forodha pale Gatumba: malori yanakuja mengi, lakini kila moja linasimamishwa, linapekuliwa, na mzigo mwingi unabaki mpakani. Waliotengeneza dawa wanalijua hilo, na wanapanga dozi wakiwa wameshaihesabu hasara. Kwa simvastatini hasara hiyo ni kubwa kupita kiasi: kinachofika kwenye mzunguko wa damu hakifiki asilimia 5 ya kilichomezwa. Sasa balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zinamng'ang'ania yule askari na kumwangamiza moja kwa moja. Hazimbani kwa muda kisha zikamwachia. Mwili lazima uajiri wapya, na hilo linachukua siku moja hadi tatu. Malori ya siku hizo yanapita na mzigo wote.

Jambo hili la siku moja hadi tatu ndilo linalowaponyoka wengi. Mtu akiambiwa balungi linagombana na dawa, anajibu kwamba yeye tunda anakula asubuhi na kidonge anameza usiku, kwa hiyo havikutani. Kweli havikutani. Lakini kidonge kinapoingia usiku, askari aliyeuawa asubuhi bado hajapata mbadala.

Swali la statini lilijibiwa Finland. Mwaka 1998 kundi la Pertti Neuvonen mjini Helsinki liliwapa watu juisi nzito ya balungi, glasi tatu kwa siku, kisha likawapa simvastatini. Dawa damuni ilipanda mara 16. Mtu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba hakuna anayekunywa balungi kwa namna hiyo. Kundi lilelile likarudia mwaka 2004 kwa glasi moja ya kawaida kwa siku, mililita 200. Ilipanda mara 3.6. Kwa hesabu ya harakaharaka, aliyemeza miligramu 40 anakuwa na dawa sawa na aliyemeza zaidi ya 140, wakati ambapo mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2011, ilizuia wagonjwa wapya wasianzishiwe hata miligramu 80 kwa sababu ya madhara ya misuli.

Misuli ndiyo inayolipa. Statini ikizidi, mtu anaanza kuumwa mapaja, mabega na mgongo, maumivu ya mtu aliyelima shamba zima ilhali ameshinda kwenye kiti. Mara chache sana misuli huanza kuvunjika na kumwaga protini zake kwenye damu, na protini hizo huziba figo. Ni nadra, nalisema kwa makusudi, maana kuna watu wakisikia hivi wanatupa kidonge na kubaki na balungi. Hiyo ni biashara ya hasara: katika jaribio kubwa la nchi za Skandinavia lililotangazwa mwaka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatiliwa, na waliopewa simvastatini walikufa kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Wapo pia wataalamu wanaoona onyo limetiwa chumvi. Mwaka 2016 Norman Wald na wenzake wa London, ile ya Uingereza sasa, walipiga hesabu wakasema kwamba balungi likiongeza dawa damuni, linaongeza pia faida yake kwa moyo, na hatari ya misuli inabaki ndogo mno. Kwa hesabu za watu maelfu, huenda wako sahihi. Mimi nabaki na wale wanaume sita wa Bailey. Mmoja 164, mwingine 469, juisi ileile. Hakuna anayejua yeye ni yupi kati yao, na balungi la sokoni halina maandishi ya dozi.

Turudi kwenye jina la boksi, maana hapo ndipo watu wanapojinyima bure au wanapojidhuru bila kujua. Simvastatini na lovastatini ndizo zinazogombana na balungi vibaya zaidi. Atovastatini inagombana nalo, ila kwa kiasi. Kinachohofiwa ni mtu mwenye dozi kubwa anayekunywa juisi nyingi kila siku. Rosuvastatini, pravastatini, pitavastatini na fluvastatini hazipiti mikononi mwa yule askari kwa kiwango cha kutisha, na anayezimeza anaweza kula balungi lake kwa amani. Majina haya yanaonekana kama ndugu mapacha, na kwenye maboksi ya Bujumbura yameandikwa kwa Kifaransa kwa herufi ndogo, chini ya jina la kiwanda. Kikaratasi cha ndani kinalitaja balungi, kama lina neno, katika aya ambayo hata anayesoma Kifaransa kila siku huichoka kabla hajaifikia.

Kwa Burundi kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Uhaba wa fedha za kigeni umeyaachia maduka ya dawa rafu zenye mapengo. Mtu aliyezoea rosuvastatini anakuja mwezi huu anaambiwa imekwisha, ipo simvastatini, ni dawa ileile. Ni kweli ni ukoo uleule na kazi ileile. Lakini balungi alilokuwa akila bila tatizo lolote, kuanzia usiku huo linakuwa tatizo, na hakuna kilichobadilika nyumbani ila boksi. Duka likibadilisha dawa, swali la kwanza la kuuliza ni hilo: hii mpya inakwenda na balungi?

Na balungi ni lipi hasa? Ni tunda chotara, lililozaliwa Barbados katika karne ya 18 pale pomelo lilipokutana na chungwa tamu. Furanokumarini zimetoka upande wa pomelo, kwa hiyo pomelo lenyewe, lile kubwa lenye ganda nene, nalo halifai. Danzi, chungwa chungu linalotengenezewa mamaledi, limo pia kwenye kundi hilo. Rangi ya ndani haijalishi, nyekundu au nyeupe ni mamoja, na juisi ya pakiti ni sawa na ya kukamuliwa. Machungwa ya kawaida na machenza hayamo. Ndimu ina kemikali hizo kiasi, lakini matone ya kukamulia samaki aina ya mukeke wa kuchoma hayana la kufanya. Katika Chuo Kikuu cha Florida wamezalisha chotara mwingine wa balungi, UF 914, mwenye furanokumarini kidogo sana, kazi iliyofanywa hasa kwa ajili ya watu wa vidonge.

Hadi hapa nimesema juu ya chakula kinachoigusa dawa yenyewe. Kipo kingine ambacho hakiigusi kabisa, ila kinafanya kazi upande wa pili: dawa inashusha, chenyewe kinapandisha. Hapa Bujumbura lazima tuyataje mawese, na najua yatakayosemwa, kwa sababu mawese ya Rumonge ni riziki ya watu na sombe bila mawese ni majani tu. Yana vitamini A kwa wingi yakiwa mekundu. Hayana kolesteroli hata chembe, kama chupa zinavyojisifu, na hapo ndipo ujanja ulipo, maana hakuna mafuta ya mmea yoyote yenye kolesteroli. Kinachopandisha kipimo ni mafuta yanayoganda, na karibu nusu ya mawese ni hayo. Ini likiyapata kwa wingi linapunguza kasi ya kuvuta kolesteroli kutoka damuni, yaani kinyume kabisa cha kile unacholipia kidonge.

Morisi, kisiwa cha Bahari ya Hindi, ilionyesha jambo hili kwa taifa zima. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya mgao yaliyopikiwa na watu wengi, yaliyokuwa sehemu kubwa mawese, yakawa ya soya. Watafiti walipima damu mwaka huo na tena mwaka 1992. Wastani wa kolesteroli kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, kwa vipimo vya milimoli kwa lita. Zilikuwepo juhudi nyingine pia za afya, lakini sehemu kubwa ya mteremko ule ilitoka kwenye sufuria. Hakuna aliyehitaji kujinyima parachichi.

Parachichi, kwa kweli, limeonewa sana. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda, na likichukua nafasi ya siagi kwenye mkate, kipimo kinashuka. Maharage nayo yana nyuzi zinazoshika nyongo tumboni na kuipeleka nje. Ini linalazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Yule mzee alikuwa ameacha chakula kilichokuwa kikimsaidia. Ndagala na mukeke hawana kosa lolote. Kosa ni kikaango kilichojaa mafuta yaliyokwishatumika mara tatu.

Tena chakula hiki cha kwetu kina rekodi. Mwaka 1959, katika Lancet hiyohiyo, Shaper na Jones waliokuwa Kampala waliandika kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuwepo kwa Waafrika wa Uganda, huku ukiwa tatizo kubwa kwa Waasia waliokuwa wakiishi katika nchi ileile. Kolesteroli za makundi hayo mawili zilitofautiana sana, na chakula pia. Waafrika wa miaka ile walikula ndizi, viazi, mihogo, maharage, nyama kwa nadra, na walitembea. Aliyehamia Rohero amebaki na asili ileile. Alichoongeza ni gari, kiti, na mishikaki ya mbuzi ya kila Ijumaa.

Kuna na kahawa, ambayo katika nchi inayoishi kwa kuuza kahawa ni vigumu kuisema vibaya. Mafuta yake yana dutu iitwayo kafestoli, ambayo inapandisha kolesteroli kwa nguvu kuliko dutu nyingi zinazoliwa. Dalili ilianza kuonekana Tromsø, kaskazini mwa Norway, mwaka 1983: waliokunywa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli ya juu, na kule kahawa ilikuwa ya kuchemshwa pamoja na unga wake. Baadaye Waholanzi waliipata kafestoli yenyewe. Dawa yake ni karatasi ya kuchujia. Inainasa karibu yote. Kahawa ya unga ya kuyeyusha nayo haina ya maana. Kwa hiyo ile ya kuchemshwa kwenye dele, ya Zanzibar na Mombasa, na ile ya kukandamizwa kwa chujio la waya, inayopendwa kwenye migahawa ya Rohero, ndizo za kuhesabu vikombe. Aliye na kikombe kimoja kwa siku asikonde.

Bia haigombani na statini ikiwa ni moja au mbili. Ulevi wa kila siku ni jambo jingine, kwa sababu dawa inafanya kazi kwenye ini, na pombe inalichoma ini hilohilo, na misuli ya mlevi ni rahisi zaidi kudhurika. Watu wa vidonda vya tumbo nao wana lao: dawa za maji za kutuliza asidi, zenye alumini na magnesi, zikinywewa pamoja na rosuvastatini zinapunguza nusu ya dawa inayoingia mwilini. Rosuvastatini itangulie, na dawa ya asidi ifuate saa mbili baadaye.

Zaidi ya chakula chote, mgongano mkali wa simvastatini unatoka kwenye dawa nyingine. Yule askari wa Gatumba anazuiwa vilevile na klarithromisini na erithromisini wanazopewa watu wa kifua, na itrakonazoli na ketokonazoli za fangasi, na ritonaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, tena kwa nguvu inayopita ya balungi. Daktari wa kifua hajui alichoandika daktari wa moyo mpaka aambiwe, hivyo boksi la kidonge cha jioni liende nawe kila unapotibiwa, hata kama umekwenda kwa kikohozi. Ukisikia misuli inauma bila sababu baada ya kuanza dawa mpya, au baada ya duka kukubadilishia statini, mwone daktari aliyekuandikia. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya mkandaa, usisubiri Jumatatu: nenda hospitali siku hiyohiyo na maboksi yote mkononi, waombe wapime kreatini kinase na figo.